Jua Limewaka, Mchezo Haujaanza: Uwanja Uliolowa na Uchungu wa Shabiki wa Kriketi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika Pwani ya Kusini ya Kenya, kuanzia Likoni hadi Vanga, methali hii haihitaji mfasiri. Upepo wa kusi unapoanza kuvuma, bahari huchafuka na wavuvi wa Gazi na Msambweni hupunguza safari zao. Nchi kavu nayo hupokea mvua ya masika, ambayo kwa kawaida huanza mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili na kufikia kilele chake mwezi wa Mei. Mkulima wa Kwale huisubiri mvua hiyo kwa hamu, kwa kuwa mahindi, mihogo na minazi yake huitegemea. Si ajabu basi kwamba wenyeji ni wazito wa kuilaumu mvua. Mvua ni riziki.

Hata hivyo, yupo mtu mmoja mwenye lawama. Huyu ni shabiki wa kriketi aliyeketi kando ya uwanja, mvua ikiwa imekatika tangu saa mbili zilizopita, jua limetoka na mbingu ni nyeupe, ilhali mchezo hauanzi. Waamuzi hutoka, wakakanyaga nyasi hapa na pale, wakainama, wakagusa udongo kwa vidole, kisha wakarudi kivulini bila ya kusema neno. Shabiki hujiuliza wanangoja nini. Mvua inayonyesha humnyamazisha kila mtu, kwa maana haina mshindani. Uwanja uliolowa chini ya jua kali, kwa upande mwingine, huonekana kama hila ya binadamu.

Makala haya yanafafanua ni kwa nini kriketi hushindwa na unyevu ambao kandanda huustahimili, na namna saa zilizopotea zinavyobadilisha hesabu ya mchezo. Aidha, yanatumia mifano miwili mashuhuri, mmoja ukiihusu timu ya taifa ya Kenya moja kwa moja, kuonyesha kwamba uchungu wa shabiki hauletwi na maji peke yake. Sehemu kubwa ya uchungu huo huletwa na uamuzi usioelezwa, na kueleza ni kazi ya lugha.

Shabiki wa kusini na safari yake

Kwale ni nchi ya kandanda. Katika viwanja vya Ukunda, Diani na Msambweni, mpira wa miguu ndio unaokusanya watu jioni, na masika hayawazuii vijana. Mpira ukikwama katika dimbwi, mchezaji huupiga tena. Mlinzi akiteleza, watazamaji hucheka na mchezo huendelea. Kwa mtazamaji aliyelelewa katika mazingira haya, wazo kwamba mchezo wa watu wazima unaweza kusimamishwa na majani mabichi ni jambo la mzaha.

Kriketi ya daraja la juu katika pwani ya Kenya iko ng'ambo ya kivuko, kisiwani Mombasa. Uwanja wa Mombasa Sports Club uliandaa mechi za kimataifa za siku moja mnamo miaka ya 2006 na 2007, wakati Kenya ilipokuwa ikihesabiwa miongoni mwa timu bora nje ya yale mataifa makubwa ya mchezo huo. Ichukuliwe kwamba shabiki anatoka Msambweni. Huamka alfajiri, hupanda matatu kwa mwendo wa takriban kilomita 50 hadi Likoni, hungoja feri, huvuka, kisha hutafuta gari jingine hadi uwanjani. Huyu amelipa nauli na ameacha shughuli ya kutwa. Mchezo ukifutwa, hasara yake si ya burudani tu. Ni ya siku nzima ya kazi. Mtu wa namna hii anastahili jibu lililo bora kuliko kauli ya maneno mawili kwamba uwanja umelowa.

Kwa nini kriketi huogopa unyevu

Jibu la kwanza limo katika maumbile ya mchezo wenyewe. Katikati ya uwanja wa kriketi kuna ukanda mwembamba wenye urefu wa takriban mita 20 kati ya wiketi na wiketi. Katika ukanda huu mrushaji huutupa mpira wa ngozi, mgumu, wenye uzito wa kati ya gramu 156 na 163. Mrushaji wa kasi huweza kuupeleka kwa zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Aghalabu mpira huo hudunda chini kabla ya kumfikia mpigaji, na mpigaji hana hata nusu sekunde ya kukisia utakakoelekea. Ukanda ukiwa mkavu na uliosawazika, mdundo hutabirika. Ukanda ukiwa umelowa upande mmoja na kukauka upande mwingine, mpira mmoja huzama na kutambaa, na unaofuata huruka hadi usoni.

Jibu la pili ni nyayo za mrushaji. Mtu huyu hukimbia kwa kasi, kisha huukita mguu mmoja kwa kishindo na kuuelemeza mwili wote juu yake mara kadhaa katika kila ova, yaani kila fungu la mipira sita halali. Mahali pale pakiwa telezi, goti au kifundo cha mguu huwa hatarini. Ndiyo maana watunzaji wa viwanja humwaga unga wa mbao penye nyayo za warushaji ili ufyonze maji. Jibu la tatu ni uwanja wa nje, yaani nyasi zinazouzunguka ukanda hadi mpakani. Hapa wachezaji hukimbia na kujitupa ili kuuzuia mpira. Aidha, mpira unaobingirika juu ya nyasi zenye maji hulowa, hushiba, huwa mzito na kumponyoka mrushaji mkononi.

Sheria za kriketi, ambazo mlinzi wake ni klabu ya Marylebone ya jijini London, zimelizingatia jambo hili kwa makini. Kinyume na wanavyodhani wengi, sheria hazisemi kwamba nyasi zikilowa mchezo usimame. Zinatamka kuwa ubichi wa nyasi na wa mpira si sababu tosha. Mchezo husimamishwa pale ambapo uwanja umelowa au una utelezi kiasi cha kumnyima mrushaji mahali imara pa kukanyaga, kuwanyima walinzi wa uwanja uhuru wa kutembea, au kuwanyima wapigaji uwezo wa kupiga na kukimbia kati ya wiketi. Kwa ufupi, waamuzi hujiuliza kama pana hatari au kama kuendelea kutakuwa jambo lisilo na busara. Hii ndiyo maana ya kuinama na kugusa udongo. Wao hupima mguu wa mrushaji na goti la mlinzi, wala hawaangalii mbingu. Hivyo basi shabiki atazamaye juu na mwamuzi atazamaye chini huwa wanasoma vitabu viwili tofauti.

Mchanga wa pwani na mfinyanzi wa kriketi

Mkaazi wa Diani anaweza kutoa hoja yenye nguvu hapa. Ardhi ya ukanda wa bahari wa Kwale imelala juu ya mwamba wa matumbawe, na mahali pengi imefunikwa na mchanga. Maji yakimwagika juu ya mchanga hupotea kwa dakika chache. Zaidi kidogo ndani, kuelekea vilima vya Shimba, pana mchanga mwekundu unaofyonza maji kwa urahisi. Inakuwaje basi uwanja wa kriketi udumu umelowa katika nchi inayokunywa maji upesi namna hii?

Jibu ni kwamba ukanda wa kriketi haufanywi kwa mchanga. Mchanga haushikamani, na mpira ukidunda juu yake hufa. Ili upatikane uso mgumu kama sakafu, watunzaji hutafuta udongo wenye mfinyanzi mwingi, wakaunyunyizia maji, wakaushindilia kwa rola nzito siku baada ya siku na kuuacha ukauke. Sifa ileile inayoufanya mfinyanzi kuwa mgumu ukikauka ndiyo inayoufanya kuyang'ang'ania maji ukilowa. Chembe zake ni ndogo mno na zimebanana, kwa hiyo maji hayana njia ya kushukia. Hutoka polepole kwa juu, yakivutwa na jua na upepo. Wakati wa masika, hewa ya pwani yenyewe huwa imejaa unyevu, na hapo jua kali halikaushi kwa kasi ambayo macho hutarajia.

Watunzaji hupambana na hali hii kwa njia kadhaa. Hufunika ukanda kwa maturubai mara tu mawingu yanapokusanyika. Huchimba mifereji chini ya nyasi. Na katika viwanja vyenye uwezo, hupitisha mtambo wa magurudumu yaliyovishwa sponji ili kunyonya maji juu ya nyasi. Njia ya zamani zaidi katika Afrika Mashariki ilikuwa ni kuutupilia mbali udongo kabisa na kutandika mkeka, aghalabu uliofumwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, juu ya uso mgumu. Mwenyeji wa Kwale, anayeyajua makumbi tangu utotoni kwa kamba zake, atafurahi kusikia kwamba zao la mnazi lilitumika kuutatua mgogoro wa wakubwa wa kriketi. Hata hivyo mkeka hutibu ukanda peke yake. Nyasi za uwanja wa nje hubaki na maji yake, na waamuzi hubaki na wajibu wao.

Kuala Lumpur, 1997: saa zilizopotea

Mfano unaoigusa Kenya moja kwa moja ni fainali ya Kombe la ICC, mashindano ya mataifa yasiyokuwa na hadhi ya kucheza mechi za Test, iliyochezwa Kuala Lumpur, Malaysia, tarehe 12 na 13 Aprili 1997. Kenya na Bangladesh zilikuwa tayari zimejihakikishia nafasi katika Kombe la Dunia la 1999. Lililobaki lilikuwa heshima ya ubingwa. Kenya ilipiga kwanza. Steve Tikolo alifunga mikimbio 147 peke yake, na Kenya ikamaliza ova zake 50 ikiwa na mikimbio 241 kwa kupoteza wiketi 7. Kwa viwango vya wakati ule, hilo lilikuwa lengo zito.

Bangladesh haikuweza kuanza kulifuata siku ile. Siku ya pili, iliyokuwa ya akiba, ilianza na uwanja uliolowa, na saa zikapita. Mchezo ulipowezekana, muda ulitosha ova 25 tu, yaani nusu ya zile ilizozipata Kenya. Swali likawa: nusu ya ova ni sawa na mikimbio mingapi?

Mtu wa kawaida atagawanya 241 kwa mbili na kupata takriban 121. Hesabu hiyo ingeidhulumu Kenya. Timu yenye wapigaji kumi wa kupoteza ndani ya ova 25 inaweza kupiga kwa ujasiri, bila ya kuogopa kwamba watakwisha mapema. Kwa hiyo nguvu yake si nusu, bali ni zaidi ya nusu. Wanatakwimu wawili wa Uingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, walikuwa wametunga kanuni inayozihesabu rasilimali mbili kwa pamoja, yaani ova zilizosalia na wiketi zilizosalia. Kanuni hiyo ilitumika kwa mara ya kwanza katika mechi ya kimataifa tarehe 1 Januari 1997, miezi mitatu tu kabla ya fainali hii. Kwa jedwali lao la wakati ule, ova 25 na wiketi zote kumi zilikuwa na thamani ya karibu asilimia 69 ya rasilimali za ova 50. Asilimia hiyo ya 241 inakaribia 166, na 166 ndilo lililokuwa lengo jipya la Bangladesh.

Yaliyofuata yangali yanasimuliwa. Bangladesh iliingia katika ova ya mwisho ikihitaji mikimbio 11. Mpira wa kwanza wa Martin Suji ulipigwa na Khaled Mashud hadi nje ya mpaka, ukazaa mikimbio sita. Katika mpira wa mwisho kabisa ulihitajika mkimbio mmoja. Wapigaji wakaupata, na Bangladesh ikashinda kwa wiketi 2. Mikimbio 147 ya Tikolo ikawa fahari ya upande ulioshindwa.

Je, Kenya ilidhulumiwa? Mgala muue na haki umpe. Kanuni iliipa Kenya mikimbio mingi zaidi ya kuilinda kuliko ambavyo mgawanyo wa kawaida ungeipa, na mpira wa mwisho ulithibitisha kuwa lengo halikuwa jepesi wala zito kupita kiasi. Lakini shabiki aliyesikia tu kwamba 241 imegeuka kuwa 166, bila ya kuambiwa kwa nini, alikuwa na kila sababu ya kushuku mkono wa mtu.

Durban, 2003: nambari isiyofafanuliwa

Mfano wa pili unaonyesha kwamba kutoelewa si ugonjwa wa mashabiki peke yao. Katika Kombe la Dunia la 2003, Afrika Kusini, wenyeji wakuu wa mashindano, walikutana na Sri Lanka mjini Durban, kwenye ufuo wa Bahari ya Hindi ileile inayopiga mawimbi Diani. Ilikuwa tarehe 3 Machi. Sri Lanka ilikuwa imefunga mikimbio 268. Mvua ikaanza kunyesha usiku huku Afrika Kusini ikifuata lengo, na ikawa wazi kwamba mchezo ungekatizwa.

Wachezaji waliokuwa wakipiga walipata ujumbe kwamba nambari inayotakiwa mwishoni mwa ova ya 45 ni 229. Mark Boucher akaupiga mpira wa tano wa ova hiyo kwa mikimbio sita, na jumla ikafika 229. Mpira wa mwisho akauzuia tu bila ya kukimbia, akiamini kazi imekwisha. Mvua ikazidi, mchezo ukasimama, na ndipo ilipobainika kwamba 229 ilikuwa nambari ya kusawazisha. Ushindi ulihitaji 230. Mechi ikahesabiwa sare, na wenyeji wakatolewa katika mashindano yao wenyewe. Kutoka katika kundi hilohilo Kenya ilisonga mbele, ikafika nusu fainali na kucheza dhidi ya India katika uwanja uleule wa Durban tarehe 20 Machi.

Kosa la Durban halikuwa la hesabu. Jedwali lilikuwa sahihi. Lilikuwa kosa la maelezo. Neno moja, baina ya kusawazisha na kushinda, halikusemwa au halikusikika. Ikiwa wachezaji wa kulipwa wanaweza kupotezwa na nambari isiyofafanuliwa, shabiki aliyevuka Likoni kwa feri atalaumiwaje kwa kutofahamu?

Deni la lugha

Kiswahili kimeimudu kandanda barabara. Mtangazaji akisema kona, penalti, kuotea au mlinda lango, mtoto wa shule ya msingi wa Lunga Lunga huona picha akilini. Msamiati huu haukuzuka siku moja. Ulizaliwa redioni na viwanjani kwa miaka mingi ya matumizi. Kriketi haijapata bahati hiyo. Istilahi zake nyingi hubaki katika Kiingereza, au hutafsiriwa kwa namna inayobadilika kutoka mtangazaji hadi mtangazaji. Mchezo unapoendelea upungufu huu hufichika, kwa sababu macho husaidia masikio. Mchezo unaposimama, macho hayana la kuona, na hapo upungufu wa lugha hujitokeza kwa uchi wake.

Matokeo yake si madogo. Kriketi iliingia Afrika Mashariki pamoja na ukoloni, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa mchezo wa Wazungu na Wahindi. Kizazi cha kina Tikolo, Maurice Odumbe na Collins Obuya kilibomoa ukuta huo mbele ya macho ya dunia. Lakini mtazamaji mpya ambaye kila masika huondoka uwanjani bila ya jibu hujenga ukuta mwingine moyoni, na huusimulia nyumbani. Mchezo usioeleweka haurithishwi.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi. Mtangazaji wa uwanjani anapaswa kutamka mambo matano kwa Kiswahili sanifu na chepesi. Kwanza, ataje sehemu iliyolowa: ni ukanda, ni nyayo za warushaji, au ni uwanja wa nje. Pili, ataje saa ya ukaguzi ujao wa waamuzi. Tatu, ataje saa ambayo ova zitaanza kupunguzwa endapo mchezo hautakuwa umeanza. Nne, ataje idadi ya chini ya ova ambayo upande wa pili lazima uipate ili matokeo yapatikane; katika mechi za siku moja ni 20, na katika zile fupi za ova 20 ni 5. Tano, lengo likibadilishwa, ataje nambari mbili zikiwa zimetenganishwa waziwazi, ile ya kusawazisha na ile ya kushinda. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya kusaidia hapa kwa kukusanya istilahi zinazotumika tayari, kuzisawazisha na kuzifikisha kwa watangazaji.

Hitimisho

Imebainika kwamba uwanja uliolowa si kisingizio. Kuna mpira mgumu unaohitaji mdundo wa kutegemewa, mguu unaohitaji mahali pa kukita, na mfinyanzi unaoshika maji hata jua likiwaka. Imebainika pia kuwa saa zinazopotea hulipiwa kwa hesabu yenye mantiki, kama fainali ya 1997 inavyoonyesha, na kwamba hesabu hiyo isipofafanuliwa huweza kuwapoteza hata wenye mchezo wao, kama ilivyotokea Durban.

Masika yatakuja tena Kwale, na hakuna atakayeomba yasije. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema, na mashabiki wa pwani wanalijua hilo. Wanachostahili kupewa ni maelezo ya namna walivyoshindwa. Shabiki wa Msambweni anayerudi nyumbani jioni bila ya kuona mpira hata mmoja, lakini akiwa na uwezo wa kuwaeleza wenzake barazani ni kwa nini, atavuka kivuko tena siku nyingine.